Mama Mkubwa na Bakuli la Unga

Kwetu, juu huko Ruanda, kijiji cha milimani Mbinga, mtu akikata nyama vipande vidogo mno kwenye sherehe ataulizwa kama ametumwa na Mama Mkubwa. Nimelisikia hilo hata kwa vijana ambao hawakuwahi kumwona akiwa na nguvu zake. Kila nikilisikia nanyamaza, maana nikianza kumtetea nitalia, na nikilia watataka kujua kwa nini. Hakuwa bahili. Bahili huweka. Yeye hakuweka chochote. Kila alichokibana kilishuka Mbinga mjini kwa mwenye kumdai.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala kwa nani. Mimi nilimkuta yupo, mke wa kaka mkubwa wa baba yangu, nilipopelekwa kwake nikiwa mtoto baada ya mama yangu kuolewa upya huko Ziwa Nyasa. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mipana ya kushika jembe, na sauti ndogo kabisa. Ukimwona akishuka mteremko na mzigo wa kuni ungetegemea akikusalimia bonde zima lisikie, kumbe ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Hata kugomba aligomba kwa sauti hiyohiyo, na kwa kweli ilituuma zaidi kuliko kelele.

Deni halikuwa lake. Baba Mkubwa alipougua aliuza kahawa ikiwa bado maua mtini. Kwetu tunaita magoma: mwenye fedha anakupa leo, wewe unamlipa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei ya kutupa. Watu wa ushirika wanayakataza magoma kila mwaka, na kila mwaka watu wanayachukua, kwa sababu ugonjwa na ada ya shule havisubiri mavuno. Fedha zikaishia hospitali, na Baba Mkubwa akafariki kabla maua hayajawa punje. Msimu ule mvua ikayapukutisha. Tulichovuna tulikipeleka chote, na bado hakikutosha. Katika makubaliano ambayo marehemu aliyawekea dole gumba, deni lisipoisha, mwenye fedha angelichukua shamba na kulivuna mwenyewe mpaka aridhike. Ile mikahawa Baba Mkubwa aliipanda kwa mikono yake, na hatukuwa na kitu kingine.

Mama Mkubwa alisikiliza makubaliano yakisomwa mpaka mwisho, akasema, "Dawa ya deni ni kulipa," akachukua ndoo akaenda mtoni. Methali hiyo kila mtu anaijua, lakini mara nyingi utaisikia kwa anayedai, akiwa amechoka kuzungushwa. Mdaiwa aliyeisema kwa hiari yake nimemwona huyo mmoja tu.

Basi akaanza kupunguza. Sukari iliondoka ya kwanza, na majani ya chai yakaifuata. Sisi Wamatengo ni watu wa ajabu kidogo: tunalima kahawa maisha yetu yote halafu tunakunywa chai. Mama Mkubwa akawa anaokota zile punje hafifu zinazoelea wakati wa kuosha, ambazo hazina mnunuzi, anazikaanga kwenye kigae, anazitwanga, tunakunywa kavu asubuhi. Mwanawe wa pekee, ambaye kwa kunizidi umri nilimwita Kaka, alionja siku ya kwanza akakunja uso.

"Mama, hii chungu."

"Utaizoea," alimjibu. "Baba yako aliilima miaka yote hiyo, walau wewe ujue ladha yake."

Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, vipande vyembamba unavyoweza kuona mwanga upande wa pili, na aliyekipoteza chake mtoni alioga kwa maji na subira. Tulinyolewa vipara mimi na Kaka, kwa sababu nywele zinakula mafuta. Chakula cha jioni tulikula jua likiwa bado kwenye kilima, mafuta ya taa yasiguswe. "Giza halitozwi hela," alikuwa akisema, na ndani ya giza hilo lisilotozwa hela alitusimulia hadithi za sungura ambazo mpaka leo nazisimulia kwa wanangu, ila mimi siwezi kumwigiza fisi kama yeye. Fisi wake alikuwa na sauti ileile ndogo, na tulicheka mpaka matumbo yakauma, matumbo ambayo hayakuwa na kitu cha maana ndani.

Kiberiti hatukununua. Moto ukizimika, nilitumwa na kigae kwa jirani kuomba kaa. Hilo hakulionea haya hata kidogo, yeye ambaye hakuomba chumvi wala nyanya kwa mtu. Nilipomuuliza, alisema moto haupungui ukigawiwa. Aliyekupa anabaki na wake uleule. Chakula kinapungua. Huo ndio uliokuwa mpaka wake, na aliuheshimu kama watu wanavyoheshimu mpaka wa shamba.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kueleweka upesi. Mgeni akitokea, alichinjiwa kuku. Yeye mwenyewe alikaa kando akisema tumbo linamsumbua, na sisi watoto tulijua ni tumbo la namna gani. Sokoni hakubembeleza bei. Alisema muuzaji naye ana watoto; kama bei ilimshinda aliondoka, wala hakurudi hata akiitwa. Kanisani alitoa sadaka kila Jumapili katika mwaka tuliokula uji usio na sukari wala chumvi. Na ngoma ya mganda ikipita barabarani, vijana wamevaa kaptula nyeupe na filimbi zao, aliacha jembe alikoliacha, akasimama kando ya njia akipiga makofi polepole mpaka wapotee kwenye kona. Halafu alilima kwa hasira kufidia muda ule.

Mwenye kudai tulimwita Mzee wa Dukani. Asili ya kwao ni pwani. Babu yake alipanda huku na biashara ya nguo, na yeye akaendeleza. Watu wanapenda kunisikia nikisema alikuwa mnyonyaji, na magoma ni unyonyaji, sibishi. Ila mtu mwenyewe alikuwa mpole. Nilifuatana na Mama Mkubwa mara nyingi kupeleka malipo, na kila mara alimvutia kiti na kuagiza tuletewe vitumbua.

"Mama, deni haliozi," alimwambia siku moja. "Nenda polepole. Watoto wale kwanza. Huyu binti amekonda."

"Haliozi, ila linazaa," alijibu Mama Mkubwa, bila kugusa kitumbua.

"Nani kakwambia nitalizalisha? Marehemu alikuwa mtu wangu. Shamba lake sina haja nalo."

"Makubaliano yanasema."

"Makubaliano ni karatasi, mama. Mimi na wewe ndio watu."

Mama Mkubwa aliinuka, akamshukuru, tukaondoka. Njiani aliniambia mtu akikusamehe deni mbele ya watu, umebaki nalo. Sikumwelewa, nilikuwa nafikiria vitumbua. Nilikuwa nimekula kimoja kabla hajanitazama, na sijawahi kula kitumbua kitamu kama kile.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Kwetu kulikuwa na sengu. Wake wote wa ukoo walipika kila mmoja kwake, kisha wakabeba chakula wakakipeleka kwa Babu, yaani baba mzazi wa Baba Mkubwa. Pale wanaume na wavulana walikula pamoja, wanawake na wasichana upande wao. Baada ya kula watu walizungumza: nani anaumwa, nani amegombana na mkewe, ngolo za nani hazijalimwa. Ngolo ni yale mashimo yetu ya kulimia kwenye miteremko, na kuyatengeneza kunataka watu: wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga miraba, wanawake wanazifunika kwa udongo na kupanda maharage juu. Mjane peke yake hayawezi. Pale kwa Babu ndipo watu walipoambiana, kesho twende kwa fulani.

Mama Mkubwa alipomaliza kupunguza sabuni na mafuta ya taa na bado hesabu ikagoma, aliitazama ile sahani ya kila siku iliyokuwa ikienda kwa Babu. Akaikata nayo.

Babu alimtuma mjukuu kuuliza kama kuna mgonjwa. Mama Mkubwa akajibu hakuna mgonjwa, kuna deni. Nyumba inayodaiwa haiwezi kulisha ukoo. Kesho yake Babu alikuja mwenyewe, akasimama uani na fimbo yake.

"Mkwe, nani kakudai sahani? Pale kwangu tunahesabu vichwa. Njoo na watoto, mle."

"Asiyepeleka haendi, baba," alisema, macho chini, kwa adabu zote za mkwe mwema.

"Nani kaiweka sheria hiyo?"

Babu alingoja jibu, mwisho akaenda zake. Nikiwa mtu mzima ndipo nilipolielewa vizuri lililomshangaza mzee yule. Sengu ilikuwepo kwa ajili ya nyumba kama yetu, iliyofiwa, isiyo na kitu, yenye watoto wawili wenye njaa. Wazee hawakuianzisha ili wenye chakula wabadilishane vyungu. Mama Mkubwa alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa amewalisha yatima wa wenzake pale kwa miaka. Lakini kwake kutoa kulikuwa rahisi, na kupokea kulimshinda. Nimeshawaza sana juu ya jambo hili, na nimemkasirikia kwa ajili yake, na bado sijui kama ni kiburi au ni haya. Kwa mtu wa namna yake sidhani kama vilikuwa vitu viwili.

Kaka alikuwa kijana anayekua. Kazi ya wanaume kwenye ngolo ilimwangukia yeye, na uji wa asubuhi haukufika saa nne. Siku moja alipotoka shambani hakuja nyumbani. Alipita kwa Babu, akanawa, akaketi na wenzake.

Mama Mkubwa aliambiwa na mpita njia. Alipima unga wa mahindi kwenye bakuli, akausawazisha kwa kiganja, akanishika mkono tukaenda. Pale walikuwa wamekaa kwenye mawe yao kuzunguka chakula, Kaka mdomo ukiwa umejaa. Mama Mkubwa alipiga magoti mbele ya Babu kama ilivyo heshima, akaweka bakuli chini.

"Tumelipa alichokula," alisema.

Kwa sauti yake ile ndogo, na bado wote walisikia. Babu alilitazama bakuli, akamtazama yeye.

"Umetulipa ugali?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa amemtukana Babu, watu wangejua la kufanya; matusi yana faini yake na kuku wake wa kusuluhishia. Lakini hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kulipia chakula cha sengu. Ni kuwaambia ndugu zako kwamba wao ni mgahawa. Kaka alitema tonge lake mkononi, akalifunika kwa kiganja, akabaki ameinama. Alikuwa ameketi kwenye jiwe la pembeni, karibu na shina la mpera, naliona mpaka leo. Tulirudi nyumbani tukiwa watatu, na kabla ya kupanda maharage Kaka alikuwa ameteremka ziwani. Hakuaga. Aliacha nguo yake ya kanisani imekunjwa kitandani.

Baada ya hapo hakuna aliyetuambia kesho twende kwenu. Hawakututenga, walitusalimia, walituuliza habari. Ila walituacha na malipo yetu. Mama Mkubwa alifyeka nyasi mwenyewe, akazipanga miraba mwenyewe, kazi ambayo sikuwahi kumwona mwanamke mwingine akiifanya, kisha akageuka akafunika kwa jembe. Mimi nilimfuata nyuma na mbegu. Siku nyingine alisimama katikati ya shamba akatazama upande wa magharibi, ambako milima inashuka kuelekea Mbamba Bay, halafu akainama tena.

Tulimaliza deni. Sitaki mtu aniharibie hilo: alilimaliza. Mzee wa Dukani aliyachana makubaliano mbele yetu, akatoa kanga mpya na mfuko wa sukari akampa.

"Hii shilingi ngapi?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Zawadi, mama. Jamani, hata zawadi?"

Alisimama na ile kanga mkononi muda mrefu, mpaka wateja wakaanza kutupita. Mwishowe aliipokea, na sukari nayo, na tulipofika kwenye kijito nje ya mji aliketi ukingoni akalia. Ni mara moja tu nimemwona akilia. Nilidhani ni furaha, nikakaa karibu yake nikalamba sukari kwenye kidole.

Jumapili yake alichinja mbuzi. Alipika wali, alipika nyama, alikoroga chai yenye sukari mpaka ikawa nzito, akanituma nyumba kwa nyumba. Wote walisema asante, watakuja. Tulitandika mikeka uani. Walikuja Babu na mke wa jirani aliyekuwa akitugawia moto, basi. Babu alikula kidogo, akamshukuru, akasema mbuzi alikuwa mtamu. Kesho yake Mama Mkubwa alibeba chungu kizima mpaka kwenye sengu, akakiacha pale na kurudi. Jioni mtoto alikirudisha. Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa kwa jani la mgomba kama alivyokifunga mwenyewe.

Baadaye Babu alifariki, vijana wakaenda mjini, kila nyumba ikabaki na chungu chake. Sengu za kwetu zimekufa vijiji vingi, na hakuna Mama Mkubwa katika kila kijiji. Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja. Aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtoto anayekueleza jinsi mvua inavyonyesha.

Mimi sasa naishi Mbamba Bay, nashona. Kaka yupo hukohuko. Ana mtumbwi wake na nyavu, ana mke na watoto. Tunaonana sokoni. Mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa, nilimwambia napanda kwenda kumwona Mama Mkubwa, twende wote, mama amezeeka. Alinifungia samaki mkubwa, mbasa wa kukaushwa, akakaza kamba kuliko ilivyohitajika.

"Mwambie sina kinyongo naye," alisema. "Kweli kabisa, dada, sina. Ila kula pale siwezi. Chakula hakishuki."

Nilimkuta Mama Mkubwa ameinama sana, mikono mipana ikiwa imebaki vilevile kwenye mwili uliopungua. Mikahawa ilikuwa imezaa mpaka matawi yanalala. Anaajiri watu kuichuma. Nikampigia shikamoo, akaitikia, akashika mashavu yangu kuona kama nakula. Jikoni kulikuwa na sufuria la ugali la kutosha watu kumi na nyama iliyokolea mafuta. Nikafikiri ana wageni. Alipakua kwenye sahani, akazipanga ndani ya kikapu, akamfungua yule samaki akamtia kwenye mchuzi, akaniambia nibebe maji ya kunawa.

Tulikwenda kwa Babu. Nyumba imeanguka, mpera umekuwa mti mkubwa, mawe yapo palepale. Jirani alikuwa amenidokeza njiani kwamba anafanya hivi kila Jumapili, na kinachobaki anawapa kuku. Sikumsadiki. Yule mama aliyekuwa akihesabu chembe za chumvi.

Alipanga sahani kwenye mawe, moja moja.

"Mama Mkubwa, unajua hawaji."

"Najua."

"Sasa?"

"Nalipa," alisema. Alifuta jiwe kwa upindo wa kanga, ile ya Mzee wa Dukani, imechakaa mpaka maua hayaonekani. "Umemwona?"

"Nimemwona. Samaki ni wake. Anasema hana kinyongo."

"Atakuja?"

Nilitaka kumdanganya. Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni. Lakini ni yeye aliyenilea, na hesabu ya uongo angeipiga upesi.

"Hapana, Mama Mkubwa."

Alitazama bonde, ngolo za watu wengine, miraba yake kijani.

"Amenenepa?"

"Amenenepa. Hata mashavu yamejaa."

"Haya," alisema. "Tunawe."

Alikata kipande cha katikati cha mbasa, kile chenye nyama, akakiweka juu ya ugali kwenye sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaenda kuiweka kwenye jiwe la pembeni karibu na mpera. Ndipo akarudi tukala. Nilikula mpaka nikashindwa kupumua, nikaongeza, kwa sababu alikuwa ananitazama. Jua lilipofika kwenye kilima aliziokota zile sahani nyingine, akamwagia kuku wa jirani vilivyokuwemo. Ile ya kwenye jiwe la pembeni hakuimwaga. Aliishika kwa mikono miwili, imefunikwa vilevile, na njia nzima ya kurudi alitembea polepole ili mchuzi usimwagike.